Mawe Matano Niliyotupa Shimoni

Mwezi uliopita mafundi walikuja kuchimba shimo la choo nyuma ya nyumba yangu hapa Dilala, Kolwezi. Nilikuwa jikoni ninasonga bukari, ugali wetu wa huku, na harufu ikaingia dirishani bila kubisha hodi: udongo mbichi, ule wa chini kabisa ambao haujawahi kuona jua. Anayeujua hahitaji kuelezwa. Unanuka chuma kidogo, unanuka maji yaliyolala, na ukikaa nao sana unausikia mpaka kwenye meno. Niliacha mwiko umesimama ndani ya sufuria nikatoka nje. Bukari iliungua, na mimi si mtu wa kuunguza bukari.

Tata, baba yangu, anaishi kwangu siku hizi, yeye na mama. Kila asubuhi hukaa nyuma ya nyumba kuota jua. Siku ile nilimkuta amebeba kiti chake mwenyewe, na magoti yale mabovu, anakipeleka mbele, upande wa barabara, kwenye makelele ya pikipiki. Nikamuuliza kama mafundi wanamsumbua. Akasema hapana, kule nyuma kuna upepo. Hakukuwa na upepo wowote. Nikajua kwamba pua zetu zimeshika kitu kimoja, na kwamba miaka yote ile hakuna kati yetu aliyewahi kufungua mdomo.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kolwezi mnaukumbuka mtaa wetu wa zamani kabla watu hawajahamishwa. Mtu mmoja alichimba shimo lake, akakutana na mawe meusi ya kobalti, yale ambayo wanunuzi waliyataka kuliko shaba, na kabla ya wiki kwisha kila mtu alikuwa anachimba. Si porini. Nyumbani. Watu walichimba chini ya kitanda, chini ya kabati la vyombo, mahali mtoto alipokuwa akilala. Ukienda kwa rafiki yako, mama yake alikuambia pita ukutani, usikanyage lile bati. Sisi watoto hatukuona ajabu. Mimi nilifikiri nyumba zote za duniani zina shimo, na nyumba isiyo na shimo ni ya watu maskini sana.

Tata hakuwa mchimbaji. Alikuwa karani wa kampuni mpaka siku ambayo yeye na wenzake wengi waliambiwa wakae nyumbani, na kanisani alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa tai na Biblia ya jalada jeusi. Alikataa kuchimba kwa miezi. Halafu jirani wa kulia, Tata Kapend, akapata. Mjane wa kushoto naye akapata. Tata akafunga siku tatu, akasali, akasogeza meza ya kulia chakula, akapiga sururu ya kwanza katikati ya sebule.

Waliochimba ni yeye na kaka yangu mkubwa Kazadi, yaya kama nilivyomwita, ambaye aliacha masomo mwaka mmoja kabla ya kumaliza sekondari ili amsaidie. Shimo lilikuwa la mviringo, upana wa mtu mmoja kunyoosha viwiko, lina vidaraja viwili viwili vya kuweka miguu vilivyochongwa ukutani. Kazadi alishuka na taa kichwani, tata alivuta ndoo kwa kamba. Lakini kila asubuhi, kabla mtu hajashuka, sisi wanne tulisimama kuzunguka mdomo wa shimo, tukashikana mikono, tukasali. Mama ndiye aliyeongoza. Mama alikuwa na sala ya kutisha mtu, nawaambia. Alizungumza na Mungu kama anavyozungumza na kaka yake mkubwa, anamkumbusha mambo, anamwuliza habari, na akimaliza alisema Amina kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupewa.

Hakupewa. Ulitoka udongo mwekundu, ukatoka udongo wa manjano, yakaanza kutoka maji. Wanaume wa mtaa walikuja kuchungulia wakatoa maoni. Walikuwa na namna yao ya kusema habari za mshipa wa mawe, kama vile ni mtu: umelala, umetembea, umehamia kwa Kapend. Shuleni watoto walituita watu wa shimo la bure. Nilipigana kwa ajili ya neno hilo na nikapasuka mdomo, na mama akanichapa kwa sababu hiyo.

Siku moja tata akatuketisha. Alisema amekwisha kumwekea Mungu alama. Kama mpaka Jumapili ya mavuno, siku watu wanapopeleka mahindi na mihogo mbele ya madhabahu, hajaona hata jiwe moja jeusi, atajua kwamba jibu ni hapana, na yeye atalipokea. Atafukia shimo. Sote tutaondoka twende Kisenge, kwa ndugu yake mwenye mashamba, na Kazadi atamaliza masomo yake kule. Alisema bila uchungu. Alisema mtoto mwenye adabu akinyimwa kitu na baba yake hasimami mlangoni kulia. Mama akaitika kwa kichwa.

Ni mimi tu niliyekasirika. Kisenge nilikuwa nimekwenda mara moja, nikakumbuka vumbi jeusi na binamu waliokuwa wakinivuta nywele. Hapa nilikuwa nimechaguliwa kuimba peke yangu ubeti mmoja katika kwaya ya watoto siku ya Noeli. Ubeti mmoja! Ninaona haya kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na miaka tisa na ubeti ule ulikuwa mkubwa kuliko familia nzima.

Nilimweleza Kazadi uani, alipokuwa akijimwagia maji kuondoa matope. Nilitegemea atanionea huruma. Akacheka, halafu akaangalia mlangoni kama kuna mtu.

"Unajua mi naombaka nini, tukishikana mikono pale?" akasema. "Naombaka Mungu akatae. Tufunge shimo, nirudie ku masomo. Chini kule mi naogopaka. Usiambie tata."

Sikumwambia tata. Lakini nilimwona Kazadi msaliti. Nilifikiri basi ndiyo sababu mawe hayaji: mama anavuta huku, yeye anavuta kule, Mungu afanye nini?

Ijumaa kabla ya Jumapili ile, mama na tata walikwenda kufagia kanisa, na Kazadi alikwenda kutafuta gari la kutubeba. Nikaachwa kulinda nyumba. Nyuma ya uzio wa Tata Kapend kulikuwa na lundo la mawe ambalo mke wake alikuwa akilichambua. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa ametufundisha kwamba ukimwombea mtu usikae tu, inuka umsaidie Mungu kazi. Nikainuka. Niliingia kwenye pengo la uzio, nikachukua mawe matano yanayoenea kwenye sketi yangu, nikarudi, nikasogeza bati, nikayaachia moja moja shimoni. Kila moja lilikawia kidogo, halafu likasema pwaa kwenye matope.

Ningependa kuwaambia kwamba niliamini mawe huzaa, kwamba niliyapanda kama mama alivyopanda vijiti vya mihogo, nikitumaini chini yatajaa. Niliamini hivyo kidogo. Watoto huamini mambo mawili kwa pamoja bila taabu. Lakini kama niliamini hivyo tu, kwa nini nilifuta nyayo zangu kwa ufagio?

Jumamosi asubuhi Kazadi alishuka kwa mara ya mwisho. Ndoo ya tatu ilipopanda, tata aliingiza mkono kwenye matope, akatoa jiwe, akalipangusa kwa shati lake. Alikaa nalo muda mrefu. Mimi nilikuwa mlangoni. Akaligeuza, akaligeuza tena, akatazama shimoni, akatazama juu. Halafu akapiga magoti palepale, na mama akapiga kelele ambayo sijaisikia tena maishani, ya furaha tupu. Kazadi alipotoka, uso wake haukuonyesha kitu. Alinawa mikono akaenda kulala.

Jumapili tata alisimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Alisema alimwomba Mungu jiwe moja, naye akampa matano. Kanisa lilisimama. Akina mama walicheza mpaka vumbi likapanda, na mama yangu akiwa mbele yao na kitambaa kimemtoka kichwani. Hakuna aliyezungumzia Kisenge tena. Nami nikafurahi, niwaambie ukweli. Nilifurahi kwa wiki kadhaa.

Walifuata mawe yale matano. Walikwenda chini zaidi, hawakuona kitu, wakaanza kwenda ubavuni, upande wa Kapend, kwa sababu mtu aliyekwisha kuonyeshwa haachi. Mvua zilikuwa zimeanza. Kapend naye alikuwa akichimba kuja upande wetu, na huko chini hakuna uzio. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa sakafuni ninaandika kazi ya shule, nikaona kamba mikononi mwa tata ikilegea. Hakukuwa na kishindo kikubwa. Ilikuwa sauti kama ya mtu anayeketi kwa kuchoka. Tata akaita jina la Kazadi ndani ya shimo, akaita tena, na shimo likatoa pumzi ya harufu ile.

Wanaume wa mtaa walichimba mpaka siku iliyofuata. Walimtoa, wakamlaza juu ya meza yetu ya kulia chakula, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Masikio yake yalikuwa yamejaa udongo. Mama aliyasafisha kwa ncha ya kitenge chake, polepole, moja halafu la pili, kama alivyokuwa akitufanyia siku za Jumapili.

Noeli ilipofika sikuimba. Hakuna aliyenikataza. Sauti ilikataa yenyewe.

Kwenye matanga watu wa kanisa walisema yale yanayosemwa, kwamba Mungu ana mipango yake. Mama alisikiliza wote. Siku ya tatu akauliza swali moja, bila kulia.

"Kama hakutaka kutupatia, angenyamaza tu. Juu ya nini alituonyesha mawe?"

Hapo ndipo alipofika na hapo ndipo alipobaki. Mama aliona kwamba Mungu alimtegea, kama unavyomtegea panya: unaweka kipande cha samaki, panya anakuja. Hakuacha kanisa, maana si mtu wa kuonyesha watu mambo yake. Alifua vitambaa vya madhabahu, alipikia wageni wa kanisa. Lakini kusali hakusali tena. Mezani tata alisali, na kila mara kabla ya Amina mama aliinuka kwenda kuchukua maji. Tulikuwa na maji mezani.

Tata naye akawa mtu mashuhuri kwa kukubali. Hivyo ndivyo walivyomwita, mtu aliyekubali. Mtu akifiwa, mchungaji alimtuma tata. Alikwenda, alikaa, alisema mtoto mwenye adabu akinyimwa hasimami mlangoni kulia. Mimi nilimsikia nikatoka nje, kwa sababu nilijua kwamba aliyemnyima Kazadi hakuwa Mungu. Mungu alikuwa amesema hapana vizuri kabisa, na tata alikuwa tayari kulipokea neno lile, na Kazadi alikuwa analiomba kwa magoti. Mimi ndiye niliyesema ndiyo kwa kinywa cha Mungu. Nilikua na jambo hilo. Niliolewa nalo, nikazaa nalo. Kila nilipofungua mdomo nimwambie mtu, niliona masikio ya Kazadi.

Sasa turudi kwenye kile kiti alichokipeleka mbele. Alasiri ile nilimfuata tata barabarani, nikakaa chini karibu na miguu yake kama nilivyokuwa nikikaa zamani. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, na yakanitoka machache.

"Tata, mawe ile ya mu shimo, mi njo niliyatupa. Nilitoa kwa Tata Kapend."

Pikipiki mbili zilipita. Tata hakugeuka.

"Najua," akasema.

Nilifikiri hakusikia vizuri. Akaendelea, anaangalia barabara.

"Mawe ilikuwa imepigwa nyundo. Ilikuwa na uso safi, sawa ya kuuzisha. Kule chini nani anapiga mawe nyundo? Nilijua siku ile ile, mwanangu. Nilikuwa nimeisha kukubali, unasikia? Mungu aliniambia hapana na nilikubali. Njo nikaona mawe, nikajua ni mukono ya mutoto, nikafurahi. Nilisema labda ni Yeye alikutuma. Nilitaka sana aseme ndiyo."

Sijui mlitegemea nini. Labda kwamba nilimkumbatia. Nilimkasirikia. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Yeye alikuwa na ndevu. Alisimama mbele ya kanisa na tai yake, anajua. Aliniona nikinyamaza miaka yote ile, ananiona nikikonda, akaniacha nibebe peke yangu. Nikamwambia hayo yote. Machozi yake yalikuwa yakienda yenyewe bila uso kubadilika. Nilipokwisha kusema nikagundua kwamba mimi pia nilikuwa nimemwacha abebe peke yake, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Hasira haikuisha. Ilikaa tu chini.

Halafu tukamfikiria mama, wote wawili kwa wakati mmoja. Alikuwa ndani, tunamsikia akiimba kitu kisicho na maneno.

Tata akasema tukimwambia atatuchukia. Nikasema najua, lakini tusipomwambia atakufa anamchukia Mungu kwa jambo ambalo Mungu hakulifanya. Tata alipanguza uso kwa kiganja, juu mpaka chini.

"Basi," akasema, "afazali atuchukie sisi."

Tulimwambia Jumapili, tulipotoka kanisani. Alikuwa uani, ameweka kinu katikati ya miguu, anatwanga sombe, majani ya mihogo. Nilianza mimi, tata akamalizia. Mama hakuacha kutwanga mpaka tata alipofika kwenye nyundo. Hapo mchi ukasimama.

Aliuliza neno moja tu, kama Kazadi alijua.

"Hapana," tata akasema. Nilifikiri amemaliza. "Aliniulizaka. Siku ile ile, kabla alale. Alisema tata, juu ya nini mawe iko na uso safi vile? Nilimujibu Mungu hashindwi na kitu."

Hilo mimi sikulijua.

Mama aliangalia ndani ya kinu. Majani yalikuwa hayajalainika. Kuku wa jirani aliingia, akazunguka, akatoka, na hakuna aliyemfukuza. Nilijua kabisa anapima kitu, na kwamba sisi hatumo katika kile anachopima.

"Basi haikuwa Yeye," akasema.

Akainua mchi akaendelea kutwanga. Tata alisimama pale na kofia mkononi mpaka jua likamshinda.

Mchana tulikaa mezani. Bukari, sombe, samaki wawili wadogo. Tata aliinamisha kichwa ili asali kama kawaida, lakini mama alikuwa amekwisha kufumba macho. Akaanza. Kwanza sauti ilikwama kama mlango wa siku nyingi, halafu ikafunguka, na ilikuwa ile ile ya zamani, ya mtu anayezungumza na kaka yake. Alimwomba radhi kwa muda mrefu sana. Alimwambia nilikusingizia. Alimkabidhi Kazadi, akataja jina lake lote kama lilivyoandikwa siku ya ubatizo. Akawaombea wagonjwa wa mtaa, vijana wa pikipiki, vijana walio chini ya ardhi saa hiyo hiyo. Akamtaja mjane wa jirani yetu marehemu Kapend. Akawataja wanangu, Divine na Yosue, mmoja mmoja, na mume wangu aliye safarini.

Nilingoja. Mikono yangu ilikuwa imebanana chini ya meza. Tata alikuwa ameinama mpaka paji la uso karibu liguse sahani, naye anangoja. Mama alivuta pumzi, akasema katika jina la Yesu.

Majina yetu wawili hakuyataja.

Tata akasema Amina. Nami nikasema Amina, kwa moyo wote.